Kukata pembe za ndama: Mchanganyiko upi wa dawa unamlipa mfugaji?

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayefugia bandani, pembe ni hasara. Ng'ombe mwenye pembe huwaumiza wenzake, huweza kujeruhi kiwele au mkamuaji, na huhitaji nafasi kubwa zaidi kwenye hori. Ndiyo maana kukata pembe ni kazi ya kawaida kwa wafugaji wa maziwa.

Jambo lisilozungumzwa sana ni dawa zinazotumika. Katika mabanda mengi dawa ni kamba na vijana wenye nguvu. Anayetumia dawa naye mara nyingi huchagua ile ya bei ya chini dukani, bila kujua kwamba kila dawa ina kazi yake na kwamba faida hutokana na namna zinavyounganishwa.

Dawa tatu, kazi tatu

Ya kwanza ni dawa ya ganzi, hasa lignokeini, ambayo huuzwa kwa nguvu ya asilimia 2. Mtaalamu huichoma katikati ya kona ya jicho na shina la pembe, mahali unapopita mshipa wa fahamu wa pembe. Kwa ndama, mililita 5 kila upande hutosha. Baada ya hapo ni lazima kusubiri angalau dakika 10, kisha kujaribu kwa ncha ya sindano. Ndama akishtuka, ganzi haijashika na chuma cha moto kisiguse.

Ya pili ni dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kama vile meloksikamu au ketoprofeni. Hii haimzuii ndama kuhisi chuma; kazi yake huonekana baadaye, ganzi inapokwisha.

Ya tatu ni dawa ya kumlegeza mnyama, ambayo inayojulikana zaidi ni zailazini. Humfanya atulie au alale, lakini peke yake haitoshi kuzuia maumivu ya kuunguzwa.

Ganzi peke yake haitoshi

Ganzi ya lignokeini hufanya kazi kwa muda wa saa moja hadi tatu hivi. Ikiisha, maumivu ya kidonda huanza upya, mara nyingi mtaalamu akiwa ameshaondoka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009 na 2010, walilinganisha ndama waliopewa lignokeini tu na wale waliopewa lignokeini pamoja na meloksikamu. Ndama wa kundi la pili walitikisa masikio kidogo zaidi katika saa 44 walizofuatiliwa. Kutikisa kichwa na masikio ni dalili ya maumivu. Mwaka 2000, watafiti wengine wa Kanada walikuwa wameona jambo kama hilo kwa ketoprofeni.

Kwa mfugaji, maana yake ni moja: ndama mwenye maumivu hana hamu ya kunywa maziwa wala kula, na ndama asiyekula hakui. Huyo ndiye mtamba anayetegemewa kesho.

Dawa ya kulegeza ina masharti

Zailazini huwavutia wengi kwa sababu hurahisisha kazi ya kumshika mnyama. Lakini ng'ombe huathirika nayo kirahisi mno. Kipimo chake ni karibu moja ya kumi ya kile cha farasi. Ikizidi, mnyama huweza kuvimba tumbo kwa gesi, kupaliwa na chakula kinachorudi kutoka tumboni, na hata kufa. Ng'ombe mwenye mimba kubwa asipewe, kwani anaweza kuharibu mimba. Dawa hii ni ya mkononi mwa daktari wa mifugo, na mwenye duka hapaswi kumuuzia kila anayeitaka.

Kwa ndama mdogo anayeshikika vizuri, ganzi na dawa ya maumivu zinatosha. Dawa ya kulegeza iongezwe pale daktari anapoona mnyama ni mkubwa au mkali.

Umri ndio unaookoa fedha

Kabla ya ndama kufikisha miezi miwili hivi, chipukizi la pembe bado halijashikamana na fuvu. Kuliunguza ni kazi ndogo. Akikua, uwazi ulio ndani ya mfupa wa paji la uso huingia hadi kwenye pembe, na uwazi huo umeungana na pua. Kukata pembe za ng'ombe mkubwa kwa hiyo ni upasuaji unaofungua njia mpaka puani. Vumbi, maji na nzi wakiingia, usaha huweza kutokea puani na matibabu huwa marefu.

Kuna pia hasara ya maziwa. Kwa mujibu wa maelekezo yanayotumika Ulaya, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa meloksikamu hayauzwi kwa siku 5. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku anapoteza lita 50. Mfugaji azidishe na bei ya eneo lake. Ndama hana maziwa ya kumwaga.

Hesabu ya mfugaji

Ndama wa kilo 40 anahitaji mililita 10 za lignokeini kwa pande zote mbili. Kwa kipimo cha Guelph cha miligramu 0.5 kwa kilo, anahitaji mililita 1 tu ya meloksikamu yenye miligramu 20 kwa mililita. Chupa ya ganzi ya mililita 100 inahudumia ndama 10. Mwenye ndama mmoja akinunua chupa nzima, nyingi itaharibika. Lakini wanachama wa ushirika wakipanga siku moja, wanagawana chupa, nauli na ujira wa mtaalamu.

Wafugaji wa mbuzi wasiige kipimo hiki. Mwana-mbuzi wa kilo 3 hapaswi kuzidishiwa robo tatu ya mililita ya lignokeini hiyo hiyo. Dozi ya ndama inaweza kumuua. Aidha, kila pembe ya mbuzi ina mishipa miwili ya fahamu ya kutiwa ganzi.

Mfugaji anayetaka kubana matumizi asianzie kwenye dawa. Aanzie kwenye kalenda: aandike tarehe ya kuzaliwa ndama, na amwite mtaalamu kabla ya wiki ya nane.