Pweza Ndani ya Kopo

Pweza akionekana amejikunyata ndani ya kopo la plastiki chini ya bahari, ni rahisi kusema taka hazina neno, mradi kiumbe amepata makazi. Hoja hiyo ina ushahidi, tena wa maana. Katika Ghuba ya Saronikos, karibu na Athens, watafiti waliweka taka kwenye sakafu laini ya bahari, wakaifuatilia mwaka mzima huku wakiilinganisha na sehemu isiyo na taka. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba penye taka wanyama waliongezeka, na aina zao pia. Lakini walioongezeka ni akina nani? Ni wale watafutao pa kujificha au pa kuzalia, na wale wanaohitaji kitu kigumu cha kujishikiza, ambao kwenye mchanga na tope tupu hawana chao. Yaani jamii moja ilikuwa inageuka nyingine, na anayehesabu vichwa tu ataliita hilo neema.

Isitoshe, waliohesabiwa ni wanyama wakubwa wanaoonekana juu ya sakafu. Wenye tope hasa wamo ndani yake: minyoo, kombe na kaa wadogo, ambao kwa kufukua kwao huingiza maji yenye oksijeni. Mfuko wa plastiki ukilala juu yao, maji hayapiti, mwani mdogo unaoota juu ya tope hukosa mwanga, na bakteria wanaoozesha mabaki humaliza oksijeni iliyosalia; tope huwa jeusi na kunuka kama yai viza. Mtafiti Dannielle Green na wenzake walilipima jambo hili kwenye ufuo wa tope nchini Ireland, wakachapisha matokeo 2015. Wiki 9 zilitosha: chini ya mifuko oksijeni ilikwisha na wanyama wakapungua sana. Mifuko inayodaiwa kuoza, ambayo wengi huitegemea kama dawa, ilileta madhara yaleyale, kwani mnyoo hafi kwa sababu ya malighafi ya mfuko bali kwa kufunikwa.

Wapo watakaosema nyavu za kukokota huharibu zaidi. Huenda, lakini nyavu zikisimamishwa, sakafu hupata nafasi ya kupona. Plastiki iliyokwisha kuzama hubaki palepale, na kuiopoa kutoka kilindini ni kazi isiyowezekana kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo marufuku ya mifuko, ya Kenya ya 2017 na ya Tanzania ya 2019, ililenga panapostahili: dukani, kabla mfuko haujafika majini.