Wimbo Uliopendwa Ndio Uliochakaa

Kikopo cha bati kilichonisumbua akili nilikikuta Mji Mkongwe, Unguja, kwenye meza ya muuza vitu vya kale, kati ya makufuli ya shaba na sarafu za zama za masultani. Ni kidogo, kinaenea kiganjani. Kifunikoni kuna mbwa aliyeinamisha kichwa akisikiliza pembe ya gramafoni, nembo ya His Master's Voice. Ndani mlikuwa na sindano fupi za chuma zilizoshika kutu, na juu yake agizo la kiwandani: kila sindano itumike mara moja tu. Upande mmoja wa santuri, kisha itupwe.

Nilicheka kwanza, nikidhani ni ujanja wa kuuza sindano. Ujanja haukosekani, lakini nilipofuatilia nikagundua kwamba agizo lile lilikuwa la haki, na kwamba ndani yake kuna jambo ambalo sisi tunaojisifu kuwaenzi waimbaji wa mwambao hatujalifikiria vya kutosha.

Sahani ya santuri ya wakati ule haikuwa plastiki. Ilitengenezwa kwa lakiri, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, ile ile iliyokuwa ikipigiwa muhuri barua na vifurushi. Lakiri hiyo ilichanganywa na masizi ili iwe nyeusi, nyuzi za pamba ili ishikane, na unga wa mawe. Unga huo ulikuwa mwingi kuliko lakiri yenyewe, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuila sindano. Katika mizunguko ya mwanzo, mfuo wa santuri, ule mfereji mwembamba unaopitiwa na sindano, huisugua ncha ya chuma mpaka ikae sawa ndani yake. Wimbo unapomalizika, ncha imelika na kuota makali pembeni. Ukiirudisha kwenye wimbo mwingine, inageuka patasi.

Na haikuwa patasi nyepesi. Kichwa cha gramafoni kilichobeba sindano kilizidi gramu 100, ilhali mashine za leo huilaza sindano kwa uzito wa gramu chache tu. Sasa fikiria mfuo wenyewe. Ndiyo sauti iliyochorwa. Mwimbaji akiimba kwa upole, mfuo hukaribia kunyooka. Akipaza, mfuo huyumba kushoto na kulia. Sahani inazunguka mara 78 kwa dakika, na chuma kizito hakiwezi kuyumba nao kwa kasi hiyo, kwa hiyo kinakata kona, na kila kikikata kona kinakwangua ukuta. Ndiyo maana santuri iliyopigwa sana haichakai sawasawa. Ielekeze kwenye mwanga: palipo na utulivu weusi umebaki unang'aa, na pale sauti ilipopanda pamekuwa kijivu.

Kwa maneno mengine, kilichotangulia kufa ni kile ambacho watu walikuwa wakikingojea.

Na hapo lazima nimtaje Siti binti Saad, kwa sababu santuri za Kiswahili haziwezi kuzungumzwa bila yeye. Wasomaji wanamjua: mtoto wa Fumba, kizazi cha watumwa, mfinyanzi aliyetembeza vyungu vyake mjini akivinadi kwa sauti iliyomtangulia njiani. Alihamia mjini mwaka 1911, akaangukia mikononi mwa Muhsin Ali aliyemfundisha muziki, na kundi likakusanyika: Muhsin mwenyewe, Subeti bin Ambar, Mbaruku Effandi Talsam, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban. Taarabu ilikuwa imeshazoea majumba ya wakubwa na lugha ya Kiarabu. Siti aliivuta mpaka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa huko, na wakubwa wakaanza kumwita yeye.

Machi 1928 alipanda meli pamoja na wenzake kwenda Bombay, wakarekodi kwa His Master's Voice. Santuri zile zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za biashara kwa Kiswahili. Hesabu inayonukuliwa na watafiti ni kwamba hadi 1931 zilikuwa zimeuzwa zipatazo 72,000. Odeon na Columbia nazo hazikukawia kuingia sokoni. Gramafoni ilikuwa ghali, hivyo wengi hawakuisikiliza nyumbani kwao. Walikwenda mkahawani. Sahani moja ikapigwa mchana kutwa, kwa ajili ya baraza zima, na sidhani kama mwenye mkahawa alibadilisha sindano kila wimbo. Sindano ni hela.

Santuri yenyewe iliuminya wimbo. Upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua dakika tatu na ushei, kisha kimya. Taarabu ya ukumbini haikujua mpaka huo: ubeti hurudiwa, msikilizaji huinuka akatunza, mwimbaji humjibu kwa kuongeza madoido, fidla ikapewa nafasi yake. Mbele ya kipaza sauti cha Bombay hapakuwa na wa kutunza. Siti alipaswa kuchagua beti zipi ziingie na zipi zibaki Unguja. Kilichotufikia kwa njia ya santuri ni uchaguzi huo, tena baada ya kupita chini ya sindano.

Nilikaa na rekodi zake zilizorudiwa katika diski za kisasa, nikizisikiliza kwa namna tofauti na zamani. Sauti yake haikuja kubembeleza. Imekaa juu, kavu kidogo, ina mvuto wa usomaji wa Kurani kwa sauti. Neno hulivuta, hulizungusha, kisha hulikata bila huruma. Anaposhuka, kila silabi inasikika. Anapopanda, mchakacho unaongezeka pamoja naye, kana kwamba sauti na uharibifu vimefungwa kamba moja. Nilikuwa nikiudhika na mchakacho ule. Sasa nauona kama alama ya watu: hapa walinyamaza, hapa walisema rudia.

Tunajua aliimba juu ya nini. Aliwajibu waliomcheka kwamba hana uzuri wa sura wala ukoo. Aliimba kesi za mahakamani, mambo ambayo magazeti ya dola hayakuyasema kwa kinywa cha mnyonge. Wimbo wa Kijiti ulibeba kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa baada ya kutolewa kwenda starehe. Mtuhumiwa akavuka bahari, na wanawake waliokuwa na marehemu wakaishia kubebeshwa lawama kortini. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake miaka ya 1980 kililiita Sauti ya Siti. Heshima hizo zote anazistahili. Ila jina limehifadhiwa vizuri zaidi kuliko sauti.

Sasa turudi kwenye hesabu ya sindano. Ikiwa kila kupigwa ni kukwanguliwa, basi santuri inayotufikia ikiwa safi, yenye weusi wake wote, mara nyingi ni ile ambayo haikupigwa. Haikupendwa, au mwenyewe alikuwa tajiri mwenye sahani nyingi, au ilikaa kwenye ghala la kampuni nje ya nchi kama nakala ya kumbukumbu. Mkusanyaji anayetafuta sahani nzuri, na wakusanyaji wote hutafuta sahani nzuri, anaokota kwa wingi nyimbo ambazo baraza halikuzihitaji. Zilizohitajika zilikwisha, zikavunjika, zikatupwa na wajukuu kwa sababu zinakwaruza. Je, picha tuliyonayo ya taarabu ya miaka ya 1920 na 1930 ni ya kile kilichoimbwa zaidi, au ya kile kilichosalimika? Sijapata mtu wa kunijibu kwa uhakika, na nadhani jibu halitakuwa moja.

Habari njema ni kwamba sahani ya kijivu haijafa yote. Sindano za zamani zilikwangua sehemu fulani ya ukuta wa mfuo. Juu au chini ya sehemu hiyo kuna ukuta ambao haukuguswa. Mafundi wa maktaba za sauti huwa na seti ya sindano nyepesi za unene mbalimbali, wakazijaribu moja baada ya nyingine mpaka wapate ile inayokaa pale pasipochakaa. Katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, wanafizikia walikwenda mbali zaidi: wanaupiga picha mfuo na kuisoma sauti kwa kompyuta, hakuna kinachougusa. Kwa hiyo santuri iliyotupwa jalalani Ng'ambo kwa kuwa "imekwisha" inaweza kuwa na Siti ambaye hatujawahi kumsikia.

Lakini sauti ya Siti ilikuwa na njia nyingine ya kupita, isiyotumia chuma. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza. Aliimba Kijiti. Aliimba Muhogo wa Jang'ombe. Aliziimba nyimbo hizo akiwa kijana, akaziimba akiwa ajuza anayevuta sigara jukwaani, mpaka Ulaya, mpaka kwenye tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alikuwa bado ni mwimbaji, si kumbukumbu ya mwimbaji. Hakuziimba kama zilivyokuwa. Alizikwaruza kwa koo lake, akaacha beti, akaingiza nyingine, akazipigia kwa mwendo wa mtu aliyelelewa na ngoma za unyago. Anayetaka Siti halisi atalalamika. Ila tazama tofauti: santuri kila ikipigwa inapungua, na Kidude kila alipoimba wimbo ulinenepa.

Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, akiimba nyimbo za bibi yake mkuu juu ya ala za zamani zilizochanganywa na midundo ya leo. Na huko Mji Mkongwe, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha vijana kanuni, udi na fidla tangu 2002. Mwaka 2019 nusura kifunge milango kwa kukosa fedha. Nalitaja hilo kwa sababu tumezoea kudhani kuwa hifadhi ni kabati lenye kiyoyozi. Kijana anayejifunza kufinya uzi wa kanuni ni hifadhi pia, tena yenye gharama ya kila mwezi: mshahara wa mwalimu, uzi uliokatika, kodi ya chumba. Kabati hupata wafadhili kwa urahisi zaidi kwa sababu linapigika picha.

Kijana huyo akitaka kujifunza wimbo wa Siti, afanyeje anapofika penye mchakacho? Mahali pale ndipo penye kilele, na mwenye kilele hayupo. Anaweza kuinakili rekodi kama ilivyo, pengo lake na yote. Anaweza kubuni, kama Kidude alivyobuni. Au anaweza kumtafuta mzee. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi akimsikia kwa masikio yake leo amepita themanini. Wazee hao hawapo wengi, na wengi wao hawajawahi kuulizwa swali dogo kama hili: pale sahani inapokwaruza, aliimbaje?

Yapo maswali mengine yasiyo na adabu ya kusubiri. Nyimbo zile zilitungwa kwa pamoja, jioni, watu wakichangia mishororo na habari za mtaani. Leo mrabaha wake, kama upo, ni wa nani? Ukoo? Kundi? Mtaa? Programu za kompyuta nazo zinaweza kuufuta mchakacho wote, na zikiufuta huondoka na pumzi ya mwimbaji, na mkwaruzo wa upinde kwenye fidla. Nani aliyepewa mamlaka ya kuamua kiasi gani cha Siti kinaweza kusafishwa? Makusanyo yaliyomrudisha masikioni mwetu, kama lile lililotolewa Uingereza mwaka 2007 kutokana na hazina ya Maktaba ya Uingereza, yametengenezwa kwa uangalifu, na tunawashukuru walioyaandaa. Ila maamuzi hayo yalifanyika London. Hakuna kinachoizuia Unguja kuyafanya upya kwa masikio yake.

Ningeanza na jambo lisilohitaji mfadhili mkubwa. Redio za visiwani zitangaze kwamba zinatafuta santuri mbovu. Ndiyo, mbovu: zilizoingia kijivu, zenye ufa, zilizoandikwa jina la mwenye mkahawa kwa wino. Ziorodheshwe kwanza kwa kilichochakaa na mahali kilipochakaa, kwa sababu hiyo ndiyo kura pekee ambayo wasikilizaji wa mwaka 1930 walituachia. Kisha wimbo uliochakaa kuliko wote upelekwe darasani kabla ya kupelekwa maabara, wapewe vijana na mzee mmoja anayeukumbuka, waumalizie. Wataalamu watasema utaratibu huo umepinduka, kwamba kwanza ni kunakili na kuimba baadaye. Huenda wana haki. Lakini maabara itakuwepo mwakani, na mzee sina hakika.