Roho mbili ndani ya mutu mumoja

Mutu anatoka kwenye shimo mangaribi, franga iko mufukoni. Roho moja inasema: enda nyumbani, watoto wanangojea. Roho ingine inasema: pita kwanza kwenye lutuku. Asubuhi anajitukana mwenyewe, bibi yake naye anamutukana, na jioni anakunywa tena.

Katika miaka ya 1980, Mmarekani Richard Schwartz, ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia familia zenye magomvi, alisikia wagonjwa wake wakisema vile vile: sehemu moja yangu inataka, ingine inakataa. Akaanza kuzisikiliza sehemu zile sawa watu wa nyumba moja. Njo maana matunzo yake yanaitwa ya familia ya ndani.

Kwake, sehemu hizo ni za namna tatu. Kuko wasimamizi: ni kama kapita wa kazi, wanapanga, wanakaza, hawataki mutu alie. Kuko wazimamoto: uchungu ukiwaka, wanaumwangia kitu chochote, pombe, hasira, ngumi. Moto unazimika, lakini nyumba inaharibika. Tena kuko wale waliofichwa chini kabisa, wenye kubeba woga wa zamani, kama ule wa siku udongo ulifunika rafiki.

Munganga wa njia hii hafukuzi muzimamoto. Anamuuliza: ukiacha kazi yako, unaogopa nini? Mara mingi jibu ni: nikiacha, atakumbuka. Pale njo matunzo yanaanza, polepole. Schwartz anaamini kwamba katikati ya sehemu zote kuko mwenye nyumba, mutulivu, anayeweza kuziongoza.

Schwartz anasema hakuna sehemu mbaya. Lakini ngumi iliyopiga bibi ni mbaya, na bibi ana haki ya kutafuta usalama kwanza. Tena uchunguzi juu ya njia hii ungali kidogo. Na kufukua kumbukumbu nzito peke yako ni sawa kushuka shimoni bila kamba na bila mwenzako kule juu. Mwenye kufikiri kujiua asingojee, apelekwe hospitali.

Ila swali lile halilipishwi. Jioni, pahali pa kusema "una kichwa gani weye?", mutu wa nyumbani anaweza kuuliza: "Leo ulikutana na nini kule chini?" Kisha anyamaze, asikilize.