Rangi Zilizojificha Katika Jani

Chuma jani ulitazame. Waona kijani tu, sivyo? Kumbe ndani yake mna rangi kadhaa.

Aliyezitenganisha ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alipokuwa mjini Warsaw. Alisaga majani, akaitoa rangi yake kwa dawa ya majimaji. Kisha alishindilia unga wa chaki ndani ya bomba la kioo, akaimimina rangi ile juu, akafuatisha dawa safi polepole. Rangi iliyoushika sana unga ilikawia. Isiyoushika sana ilitangulia chini. Zikajipanga kama pete, za kijani na za manjano, kila moja mahali pake.

Alitangaza habari hizo mwaka 1906, lakini wengi hawakumjali. Alifariki mwaka 1919. Mwaka 1931 tu, huko Heidelberg, Ujerumani, wataalamu waliifufua njia yake. Nayo leo husaidia kusafisha dawa za wagonjwa.

Wazazi, mwana wenu akijifunza kazi hii shuleni, mwambieni asiache unga ukauke, wala asiharakishe: mwenye pupa huzichanganya tena rangi alizotaka kuzitenga.