Akili, vuka mpaka uje Salaita! Vipindi vinne tunavyovisubiri

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto wa chekechea, Akili unamjua hata kama katuni si mambo yako. Ni yule msichana wa miaka minne wa Akili and Me, kipindi cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililotuletea pia Ubongo Kids mwaka 2014. Akili anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala, anaingia Lala Land, ambako anajifunza herufi, namba na hisia pamoja na marafiki zake: kiboko, simba mdogo na komba.

Sasa, mlima huo una pande mbili. Mawingu yakiondoka, mtoto wa Salaita, karibu na mji wa Taveta, anauona Kilimanjaro vizuri tu kama Akili. Tofauti ni kwamba huku simba na kiboko si wa ndotoni. Barabara ya Voi kwenda Taveta inakatiza Mbuga ya Tsavo Magharibi, na ndovu wakitoka humo wanaingia mashambani na kwenye njia za watoto wa shule. Katuni inamwambia mtoto simba ni rafiki. Mama anamwambia akae mbali naye. Amwamini nani?

Hapo ndipo sisi mashabiki wa upande huu tuna maombi yetu.

1. Ndovu anaogopa nini?
Akili aamke, akute mahindi ya shangazi yamekanyagwa. Asimkimbilie ndovu kumkumbatia. Asimame mbali, amwite mtu mzima. Kisha aende Sagalla, karibu na Voi, ambako wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki. Mizinga imeunganishwa kwa waya: ndovu akiugusa, inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Katikati huwekwa mizinga bandia ya mbao. Mzinga, bandia, mzinga, bandia. Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni somo tayari la mpangilio, na mwisho wa wimbo kuna asali.

2. Kiboko wa Jipe
Ziwa Jipe liko mpakani, na lina viboko na mamba wa kweli. Yule kiboko wa Lala Land amwambie Akili mwenyewe: "Ndotoni tunacheza. Ziwani, usinikaribie." Sentensi mbili tu, lakini zikitoka kwa kiboko anayempenda, mtoto atazishika kuliko mahubiri yetu wakubwa.

3. Siku ya soko
Soko la Taveta huchangamka Jumatano na Jumamosi. Ndizi kibao, wafanyabiashara kutoka Tanzania, shilingi za aina mbili. Akili ahesabu ndizi, asikie salamu za Kitaveta na Kitaita, agundue kwamba Kiswahili chake kinaeleweka pande zote mbili hata kama lafudhi inabadilika. Hiki hakihitaji hatari yoyote. Ni raha tu.

4. Kilima cha Salaita
Hiki tunawapa Ubongo Kids, maana watazamaji wake ni wakubwa kidogo. Wajerumani waliiteka Taveta mwaka 1914, wakajichimbia Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Uingereza walijaribu kukitwaa kilima hicho wakarudishwa nyuma. Lakini msituletee majenerali. Tuonyesheni wapagazi, Waafrika waliobeba chakula na risasi za vita visivyo vyao, wakafa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Jina lao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Hesabu iko hapo hapo: mpagazi naye anakula njiani. Safari ikiwa ya siku nyingi, mzigo gani utafika?

Kuna atakayesema katuni ni za kuchekesha, tuwaache watoto wacheke. Sawa, wacheke. Lakini mtoto wa Nairobi akikosea kuhusu simba, atacheka na yataisha. Wa Salaita anatoka kwenda shule kesho asubuhi, kwa miguu.

Wewe je, Akili akifika mtaani kwenu, ungempeleka wapi kwanza?