Chekechea za Madrasa na Majirani wa Imani Nyingine

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya, ambao walikuwa Wasunni, walimwendea Aga Khan, imamu wa Waismailia walio tawi la Ushia, wakamweleza kwamba watoto wao walisoma Qurani madrasani lakini walibaki nyuma katika shule za msingi. Hatua hiyo ya kuvuka mpaka wa madhehebu inastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo iliyozaa mpango ulioanzia Mombasa chini ya mwalimu Swafiya Said, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ukiunganisha mafunzo ya dini na elimu ya awali, yaani malezi na mafunzo ya mtoto kabla ya darasa la kwanza.

Katika chekechea hizo, zinazomilikiwa na wanajamii wenyewe, mtoto huhesabu kwa vifuu, kokwa na vizibo vya chupa, na aghalabu mwalimu wake ni mwanamke wa mtaa uleule aliyepewa mafunzo. Milango yake iko wazi kwa watoto wa imani zote, jambo lenye uzito hasa nchini Uganda, ambako Waislamu ni wachache na jirani wa madrasa mara nyingi ni Mkristo. Mzazi wa aina hiyo hutafuta shule iliyo karibu, yenye ada anayoimudu na mwalimu anayemfahamu; naye akishamwandikisha mwanawe, hukaa katika mikutano ya wazazi pamoja na Waislamu, wakajadiliana kuhusu ada na matengenezo ya jengo.