Wataino waliokoa mizigo ya Christophe Colomb, kisha wakadaiwa dhahabu

Kila tarehe 12 Oktoba, Uhispania inasherehekea siku kuu ya taifa. Venezuela nayo, tangu mwaka wa 2002, imeipa tarehe hiyo jina la siku ya upinzani wa wenyeji. Wote wanakumbuka asubuhi moja ya mwaka wa 1492: Christophe Colomb aliposhuka kwenye kisiwa cha Guanahani, katika visiwa vya Bahamas, na kukuta watu ambao leo wanaitwa Wataino.

Colomb alitoka bandari ya Palos tarehe 3 Agosti, akiwa na merikebu tatu na watu karibu 90. Alifikiri amefika Asia, ndiyo maana akawaita wenyeji "Wahindi". Mkalimani wake, Luis de Torres, alijua Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu kidogo. Lugha zote hizo hazikumsaidia kitu, watu wakaongea kwa mikono. Wageni walitoa kofia nyekundu, shanga za kioo na njuga ndogo, zile ambazo Ulaya zilifungwa kwenye miguu ya mwewe wa kuwinda. Wenyeji walileta kasuku na nyuzi za pamba. Walipoonyeshwa upanga waliushika upande wa makali, wakajikata. Hawakuwa na chuma.

Siku hiyo hiyo Colomb aliandika kwamba watu hao wangefaa kuwa watumishi wazuri. Kabla ya kuondoka alikamata saba ili wajifunze Kihispania. Miaka karibu kumi mbele ya hapo, Mreno Diogo Cão alifanya jambo kama hilo kwenye mlango wa mto Kongo: wajumbe wake walipochelewa kurudi kutoka kwa mfalme wa Kongo, alichukua wakaaji wa pale hadi Ureno, akawarudisha katika safari iliyofuata.

Usiku wa Noeli ya 1492, merikebu kubwa ya Colomb, Santa María, ilikwama kwenye mchanga, upande wa kaskazini wa inchi ambayo leo ni Haiti. Mwami wa hapo, kwa lugha yao cacique, aliitwa Guacanagarí. Alituma watu na mitumbwi, wakapakua kila kitu mpaka pwani, akaweka walinzi. Colomb mwenyewe aliandika kwamba hakikupotea chochote. Mbao za merikebu zilijengewa ngome, La Navidad, na wanaume 39 wakaachwa humo.

Colomb aliporudi Novemba 1493, sasa akiwa na merikebu 17, alikuta ngome ni majivu na wote 39 wamekufa. Kufuatana na maelezo ya wenyeji, wanaume hao walikuwa wakizunguka vijijini kunyang'anya dhahabu na wanawake, mpaka mwami mwingine, Caonabo, akawamaliza. Guacanagarí alibaki rafiki wa wageni. Urafiki huo haukuwasaidia watu wake.

Mwaka wa 1495 Wataino karibu 500 walipakiwa kwenda kuuzwa Uhispania. Wapata 200 walikufa njiani. Kisha ikaja kodi. Katika eneo la dhahabu la Cibao, kila mtu mwenye umri wa miaka 14 na zaidi alipaswa kutoa dhahabu kila miezi mitatu. Kipimo chenyewe kilikuwa njuga ya mwewe, ile ile iliyotolewa zawadi siku za kwanza: ujaze, uilete. Msomaji wa Kamituga au Mongbwalu anajua jasho la kuchekecha mchanga wa mto kwa punje chache. Wengi walikimbilia milimani, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya idadi ya wakaaji wa kisiwa hicho kabla ya 1492. Lakini hesabu ya mwaka wa 1514 ilipata karibu elfu 26 tu. Ndui ilifika mwisho wa 1518. Mwaka huo huo, mfalme wa Uhispania aliruhusu watumwa wapelekwe huko moja kwa moja kutoka Afrika.

Ya Wataino yalibaki mengi kuliko inavyosemwa. Mkate wao ulitengenezwa kwa mihogo, na mihogo hiyo pamoja na mahindi yalivushwa Atlantiki na Wareno hadi Kongo. Bukari na sombe za leo zilianzia upande ule wa bahari. Hata Kifaransa cha shuleni kinabeba maneno yao: maïs, hamac, ouragan.

Na damu pia. Mwaka wa 2018, wanasayansi walichunguza jino la mwanamke aliyeishi Bahamas miaka karibu elfu moja iliyopita. Walikuta kwamba wakaaji wengi wa Puerto Rico ya leo wana undugu na watu wake.